KIDOLE GUMBA NA MENO YA MANDA
Usalama hauishi pale mlangoni kwa mini



Siku moja ya kwanza ya juma, mbele ya jua kutoka, mtu mmoja wa ekipi ya kuchoronga miamba alifika kwenye dispanseri, mkono wa kuume umefungwa kwa taulo. Taulo ile zamani ilikuwa nyeupe. Huyu ndugu alikuwa na miaka 14 ya kazi chini ya ardhi, na kwa muda ule wote hakupata aksida hata moja ya kumlaza lopitalo. Kaske anavaa, boti anavaa, ganti anavaa. Jiwe lenye kulegea analigonga kwa mtaimbo mbele ya kupita chini yake. Munganga akamwuliza: «Ni mashine gani imekukata, baba?» Yeye akatazama chini, akajibu: «Si mashine, munganga. Ni samaki.»

Waliokuwa kwenye foleni walicheka. Mimi mwenyewe nilikuwa pale kuandika ripoti za aksida, na ninakubali nilicheka pia. Kiisha taulo ikafunguliwa, na kicheko kikaisha. Nyama ya kidole gumba ilikuwa imepasuliwa mpaka mshipa wa kukunjia kidole ulionekana, nao ulikuwa umekatika. Bila gumba, mchorongaji atashikaje mashine yake?

Ilikuwaje? Siku ya Mungu alikwenda na rafiki zake kuloba kule Kasenga, kwa mto Luapula. Alikamata manda mzuri, karibu kilo 5. Alipigana naye vizuri, akamfikisha kando ya mtumbwi. Hapo alikumbuka picha aliyoiona katika gazeti la Ulaya: mvuvi anacheka, ameshika samaki kwa mdomo wa chini, kidole gumba ndani, vidole vingine nje. Akafanya vile vile.

Lakini samaki wa ile picha si manda. Yule anaitwa black-bass, samaki wa Amerika ya Kaskazini, mwenye kinywa kikubwa na meno madogo sana, ukiyagusa ni kama karatasi ya msasa. Ukimshika kwa mdomo wa chini anatulia, na gumba lako linapata mikwaruzo tu. Wamarekani wanampenda mno. Mwaka 1932 George Perry alimkamata mmoja wa kilo 10 kule Georgia, na miaka 77 ilipita mpaka Manabu Kurita wa Japani alipopata mwingine wa uzito kama ule, katika ziwa Biwa, mwaka 2009. Mafundisho mengi ya kupigana na samaki ambayo tunayasoma katika magazeti yametoka kwa watu wa black-bass. Ni mafundisho mazuri. Ila jambo moja tu, lile la mwisho, la mkono, tusilichukue hata kidogo.

Manda wetu wa Luapula, wa ziwa Moero na wa Lualaba ana meno marefu ya kukata kama kisu, na hata akifunga kinywa meno yanaonekana nje. Kule Afrika Kusini wataalamu wamewaona manda wakiruka na kukamata mbayuwayu hewani. Ndugu yake mkubwa, yule ambaye watu wa Kinshasa wanamwita mbenga, anapita urefu wa metre moja. Mwaka 1988 mmoja wa kilo 44 alilobwa pale Kinshasa. Sasa mwenye kutia kidole katika kinywa cha namna hiyo, tumwite nani?

Basi tuanze mwanzo, maana mkono uliokatika mara nyingi ni mwisho wa makosa yaliyoanza nusu saa mbele.

NDOBO IKISHAKAMATA

Kinywa cha manda ni mfupa. Ndobo isiyochongwa vizuri inateleza juu ya mfupa, na samaki akiruka mara ya kwanza anaitupa. Chonga ndobo kwa tupa ndogo mpaka ncha inakwaruza ukucha. Kati ya ndobo na nailoni utie uzi wa chuma, urefu wa sentimetre 30 hivi, kwa sababu nailoni peke yake ni chakula kwake.

Wenye fimbo na mashine ya kukunjia kamba wajue kazi ya freni. Freni ile ni kama freni ya kamioni katika mteremko: ukiikaza mpaka mwisho, kitu fulani kitavunjika. Kama nailoni yako ina nguvu ya kilo 10, funga freni ianze kuachilia kamba kwa kilo 2 na nusu au 3. Usikisie. Funga kamba kwenye mizani ya sokoni, vuta na fimbo imepinda, tazama namba. Fanya hivi nyumbani, kwa utulivu, maana mtoni samaki akikamata hutakuwa na akili ya kupima.

Samaki akikimbia, mwache akimbie. Usizungushe mashine wakati kamba inatoka. Unajichokesha bure na unasokota nailoni. Akisimama, inua fimbo pole pole, kiisha uishushe huku unakunja kamba. Inua, shusha na kunja. Fimbo isinyoke kumwelekea samaki, na isisimame wima kupita kichwa chako, maana ndipo inapovunjika. Ni ile fimbo iliyopinda inayomchosha samaki, si mikono yako.

Manda anaruka, na black-bass anaruka vile vile. Ukiona kamba inapanda kuja juu ya maji, ujue anataka kuruka. Shusha ncha ya fimbo upande, karibu na maji, na kamba ibaki imekazwa. Kamba ikilegea wakati anatikisa kichwa hewani, ndobo inatoka, na wakati mwingine inarudi kwako kama jiwe la manati. Mwaka fulani niliona ndobo ya aina hii imeingia katika kofia ya mtu, vidole viwili juu ya jicho. Tangu siku ile mimi ninavaa lineti mtoni, na wenye kunicheka wacheke.

WENYE KULOBA KWA MKONO

Wengi wetu hatuna fimbo wala mashine. Tuna kamba, ndobo na mkono. Njia hii ni ya babu zetu na inaleta samaki, lakini hatari yake ni moja kubwa: kuzungusha kamba kwenye kiganja au kidole ili isiteleze. Samaki mkubwa akivuta kwa ghafula, nailoni inaingia katika nyama kama uzi unaokata sabuni. Na kama uko ndani ya mtumbwi, inaweza kukuvuta majini ukiwa umefungwa mkono. Kamba ishikwe kati ya vidole na kiganja, na ganti la ngozi, hata lile la zamani lililochakaa. Ile unayovuta ianguke ndani ya beseni, isilale miguuni.

MTUMBWINI

Wakati mbaya kupita yote ni pale samaki anapouona mtumbwi. Mpaka hapo watu wanafikiri kazi imekwisha. Yeye anafikiri ndiyo inaanza. Atakimbia tena, mara nyingi chini ya mtumbwi. Legeza freni kidogo, ingiza ncha ya fimbo majini, na mwache azunguke.

Hapo pia watu wote wanasimama kutazama, na wote wanaegemea upande mmoja. Kule chini ya ardhi tunajua ya kama mtu mmoja tu anatoa amri wakati wa kupandisha mzigo. Mtumbwini iwe vile vile. Mwenye kamba ndiye shefu, mwingine anashika wavu, wengine wanakaa chini kitako. Wavu uingizwe majini na utulie. Samaki aletwe ndani yake kwa kichwa. Mwenye kumfukuza samaki kwa wavu anampiga mkiani, na samaki anaondoka na ndobo yako.

Wengine wanaona ni rahisi kushuka majini mpaka magoti na kumpokea samaki kwa mkono. Hapana, ndugu. Luapula ina mamba, na samaki anayehangaika ni kama kengele ya kuwaitia chakula. Na hata bila mamba, katika maji ya majani yenye konokono mna bilarziosi. Mdudu wake anaingia kwa ngozi bila kukuuma, na baada ya miezi unakojoa damu au tumbo linauma usijue sababu. Mtoto aliyecheza pale ufukweni apelekwe akapimwe, dawa yake iko.

Samaki akishaingia, usishike ndobo bado. Mfunike kichwa kwa gunia lenye maji, umpige rungu moja la nguvu nyuma ya macho. Kiisha ndobo itoke kwa pensi ndefu. Angalia sana zile ndobo za vidole vitatu za samaki wa bandia: moja iko katika samaki, nyingine inatafuta mkono wako, na manda aliye nusu hai akitikisa kichwa mnafungwa pamoja, wewe na yeye.

KAMA IMESHATOKEA

Ndobo imeingia kidoleni: kwanza kata uzi na pensi, mtenge samaki na mtu. Kama imeingia kidogo mkononi, mbali na kiungo, kuna njia ambayo waganga wanaijua. Pitisha uzi wa nguvu katika mpindo wa ndobo. Kidole kimoja kinagandamiza shina la ndobo kuelekea ngozini, na mwingine anavuta uzi kwa ghafula, sawasawa, kurudi nyuma kule ilikoingilia. Watu wote wasimame mbali na mstari wa ndobo, maana inatoka kama risasi. Ikiwa imeingia ndani sana, au usoni, shingoni, kwenye kiungo, iache hivyo na uende lopitalo.

Jicho: usivute kamwe, hata kama mgonjwa anakuomba kwa machozi. Funika jicho kwa kikombe bila kugandamiza, funika na lile jicho zima ili yote mawili yatulie, mlaze mgonjwa, tafuta gari.

Meno yamekata: gandamiza kwa kitambaa safi, inua mkono juu kuliko moyo. Damu ikipungua, osha kwa sabuni na maji safi mengi, si maji ya mto. Majivu, unga wa kahawa, petroli, maji ya pile, yote haya nimeyaona katika vidonda, na munganga anapoteza saa nzima kuyatoa. Kidole kikikatika kabisa, kifungwe katika kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe katika mfuko wa plastiki, na mfuko ule uwekwe juu ya barafu. Kidole chenyewe kisiguse barafu.

Kisha, hata kama kidonda ni kidogo, sindano ya tetanosi. Uulize kadi yako inasema nini. Mama, wewe ndiwe unayetunza kadi za nyumba; tazama na ile ya baba.

Yule mchorongaji alifanya kosa la pili ambalo sijalisema. Alikatwa siku ya Mungu saa tisa mchana, akafika dispanseri asubuhi ya pili. Kutoka Kasenga mpaka Lubumbashi ni karibu kilometre 200, ni kweli, lakini si barabara iliyomchelewesha. Alisikia haya. Alikaa nyumbani usiku kucha akifikiri atasema nini kwa ekipi. Munganga aliyeushona ule mshipa alisema saa zile zingemsaidia sana.

Hakurudi kwenye mashine. Gumba linakunjika nusu, nguvu yake ni ndogo, na sasa yuko kwa stoo ya vifaa, anawagawia wengine ganti. Primu ya chini ya ardhi ilikwisha, na mke wake alianza kuuza mandazi asubuhi ili watoto wamalize mwaka wa shule.

Kiangazi kilichofuata nilimwona kwenye stasheni ya magari ya Kasenga, na fimbo yake. Pensi ilikuwa imefungwa kwenye mkanda kwa kamba fupi, isianguke majini. Nilimwuliza yule manda wa siku ile aliishia wapi. Alisema: «Alirudi mtoni. Mimi nilipopiga kelele, nilimwachilia.»