Viazi kuoza ndani ya mufuko: mikrobe nzuri zinaweza kusaidia?

Mkulima wa Masisi ao Lubero anaweza kuvuna viazi vizuri kabisa. Lakini gari likikwama siku tatu ao ine njiani, mufuko unafika Goma ao Butembo ukitoa maji na harufu mbaya. Hasara inabaki kwake, ao kwa mama aliyenunua kwa deni.

Mara nyingi uozo unaingilia kwenye kidonda. Jembe linakata kiazi, mufuko unatupwa chini, watu wanaketi juu yake. Pale ngozi imepasuka, maji yenye chakula yanatoka, na mikrobe mbaya pamoja na ukungu wanakimbilia pale. Anayefika wa kwanza njo anakamata nafasi.

Kutokea hapo watafiti wakajiuliza: na kama mikrobe nzuri ingetangulia? Mwaka 1984, Pusey na Wilson wa Marekani walionyesha kwamba bakteria iitwayo Bacillus subtilis inazuia uozo wa matunda ya pichi kisha kuvunwa. Mwaka 1995 Marekani ikakubali dawa za namna hiyo ziuzwe, kati yake ile ya bakteria Pseudomonas syringae, ambayo leo inatumiwa hata kwa viazi vinavyowekwa ndani ya depo.

Kazi yake ni rahisi kuelewa. Mikrobe nzuri inakula kile chakula cha kwenye kidonda na kujaza nafasi yote. Zingine zinatoa pia kitu kinachozuia ukungu kuota. Wakaaji wa Kongo wanajua jambo linalokaribia hilo: muhogo wa chikwange ukilowekwa, bakteria zinaufanya uwe muchungu, na uchungu huo unasaidia chikwange kukaa siku nyingi bila kuharibika.

Lakini dawa hii haiponyeshi kiazi kilichokwisha kuoza. Inatiwa mapema, mbele ya ugonjwa kuingia. Tena ni kitu chenye uhai: joto kali linaweza kuiua, na kila aina inapigana na magonjwa yake tu. Kwa hiyo, muuzaji akiahidi dawa ya mikrobe inayozuia kila uozo, ni vema kumuuliza agronomu kwanza.

Hata bila dawa, mkulima anaweza kuzifungia mikrobe mbaya mlango. Akate majani ya viazi karibu wiki mbili mbele ya kuvuna, ili ngozi ikomae. Asivune wakati wa mvua, wala asivioshe. Aviweke siku 10 mpaka 14 pahali penye giza na hewa, vidonda vidogo vifunge. Kisha achague: vilivyokatwa viliwe nyumbani mapema, vilivyooza vitupwe mbali, na vizima tu ndivyo viingie ndani ya mufuko. Kiazi kimoja kinachotoa maji kinatosha kuharibu vingine vingi mbele ya gari kufika soko.