Je, Wajua? Nchi Yenye Kobe Sawa na Watu

Sogea kidogo, msomaji, nafasi ipo. Simama ufukweni Mombasa, ulipe bara mgongo, utazame jua linakochomoza. Piga mstari juu ya maji, karibu bila kupinda, zaidi ya kilomita 1,700. Umefika Victoria, mji mkuu wa Shelisheli, kwa jirani yetu wa baharini ambaye, nionavyo mimi, hatumjui hata nusu.

Je, wajua kwamba nchi hiyo nzima, ukikusanya visiwa vyake 115 ukaviweka fungu moja, ni kilomita za mraba 455 tu? Unguja peke yake inaizidi zaidi ya mara tatu!

Ngoja, usiidharau. Bahari iliyo chini ya mamlaka yake inapita kilomita za mraba milioni 1.3. Itumbukize Kenya humo mara mbili, na maji bado yatabaki.

Watu je? Laki moja na ushei, basi. Uwanja wa Benjamin Mkapa pale Dar es Salaam una viti 60,000. Viwanja viwili vya namna hiyo vingekaribia kulikalisha taifa zima, kuanzia rais hadi mtoto wa jana.

Sasa shika hii: kobe wakubwa wanaoishi porini katika kisiwa cha Aldabra, huko huko Shelisheli, nao wanapita laki moja. Ukigawa sawasawa, kila mwananchi anapata kobe wake mmoja. Hakuna pengine duniani penye kobe wakubwa wengi kama hapo.

Je, wajua kwamba Aldabra iko karibu zaidi na pwani ya kusini ya Tanzania kuliko ilivyo na mji mkuu wake? Kutoka Victoria ni zaidi ya kilomita 1,100. Kuja kwetu, hazifiki 700.

Na kobe hao nusura wafukuzwe! Katika miaka ya 1960 Uingereza ilitaka kujenga kituo cha ndege za kivita Aldabra. Wanasayansi wakapiga kelele, hazina ya Uingereza nayo ikawa taabani, na mwaka 1967 mpango ukafutwa. Kobe wakaendelea kula majani yao, na mwaka 1982 UNESCO ikakitangaza kisiwa hicho kuwa Urithi wa Dunia.

Unapenda visa vya ndege? Zamani sana Aldabra ilizama chini ya bahari, na ndege fulani asiyeweza kuruka, aliyekuwa akiishi hapo, akatoweka kabisa. Bahari ikashuka. Ndugu zake wanaoruka wakaja tena kutoka Madagaska, wakatulia, na baada ya vizazi na vizazi wakapoteza tena uwezo wa kuruka. Ndege yuleyule, kisiwa kilekile, mara mbili! Watafiti walilitangaza jambo hilo mwaka 2019, na mimi mpaka leo sijamaliza kushangaa.

Kobe mwingine huyu hapa: Esmeralda, wa kisiwa cha Bird. Alipopimwa alikuwa na zaidi ya kilo 300. Na licha ya jina, Esmeralda ni dume.

Na Jonathan? Huyu alichukuliwa Shelisheli akapelekwa kisiwa cha St Helena mwaka 1882, tayari akiwa mtu mzima. Inakadiriwa alianguliwa mwaka 1832. Mwaka 2022 alifanyiwa sherehe ya kutimiza miaka 190! Alipozaliwa, Seyyid Said alikuwa hai na anatawala Zanzibar.

Tushuke kwenye vidogo. Katika misitu ya milimani ya Mahé na Silhouette kuna chura ambaye mtu mzima wake ana urefu wa milimita 11 hivi. Anakaa juu ya ukucha wako na nafasi inabaki. Sikio lake halina ngoma wala sehemu ya kati, lakini anasikia. Kivipi? Mwaka 2013 watafiti waligundua kwamba mdomo wake ndio unaopokea sauti na kuivumisha hadi ndani. Chura anasikia kwa mdomo, msomaji!

Visiwa vingi vya katikati ya bahari kuu ni kazi ya volkano au matumbawe. Mahé, Praslin na La Digue ni itale, mwamba wa bara, wenye umri wa miaka ipatayo milioni 750. Ni kipande kilichobaki nyuma India ilipoachana na Madagaska ikashika safari ya kwenda Asia. Ndiyo maana kisiwa cha Mahé, pamoja na udogo wake, kina mlima wa mita 905.

Mbegu kubwa kuliko zote duniani unaijua? Ni ya mnazi uitwao coco de mer, na huweza kufika kilo 25. Hukaa mtini miaka sita au saba kabla ya kukomaa, na kwa asili mti huo huota visiwa viwili tu ulimwenguni, Praslin na Curieuse. Kuna mti dume na mti jike. Umbo la nazi yenyewe nakuachia ulitafutie picha mwenyewe. Gazeti hili linasomwa na watoto.

Zamani nazi hizo zilikuwa zikielea hadi nchi za mbali kabla mtu hajajua zinatoka wapi. Watu wakaamini mti wake umeota chini ya bahari. Jenerali Charles Gordon wa Uingereza yeye alivuka mpaka: alifika Praslin mwaka 1881, akaliona bonde la Vallée de Mai, akasema hii ndiyo bustani ya Edeni!

Twende kwa binadamu. Je, wajua kwamba Shelisheli haina wenyeji wa asili? Mabaharia walikuwa wakivipita visiwa hivyo, lakini wakazi wa kwanza wa kudumu walifika mwaka 1770, nao walikuwa 28 tu: Wafaransa, Waafrika na Wahindi. Wengi wa Washelisheli wa leo wana damu ya Afrika Mashariki, kwa sababu babu zao waliletwa utumwani kutoka pwani hizi, au waliokolewa baharini na manowari za Uingereza katika karne ya 19 wakashushwa Mahé.

Lugha rasmi ni tatu: Krioli, Kiingereza na Kifaransa. Mtoto wa darasa la kwanza huanza kusomeshwa kwa Krioli, lugha ya nyumbani kwake, tangu mwaka 1982.

Sasa kaa vizuri, hapa pananoga. Gavana Mfaransa, Quéau de Quincy, alikuwa na askari wachache mno. Manowari za Kiingereza zikija, anasalimu amri kwa adabu zote, anasaini karatasi. Zikiondoka, anapandisha tena bendera ya Ufaransa! Mara ya kwanza ilikuwa 1794, na aliurudia mchezo huo mara kadhaa. Visiwa vilipokwenda rasmi kwa Uingereza mwaka 1814, unadhani walimfunga? Walimpa kazi ya hakimu. Kaburi lake liko mpaka leo katika viwanja vya Ikulu ya Victoria.

Je, wajua kwamba Waingereza waliifanya Shelisheli kuwa korokoro ya wafalme? Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabalega wa Bunyoro walikamatwa pamoja mwaka 1899 wakapelekwa huko. Mwanga akafia huko huko mwaka 1903. Kabalega alikaa zaidi ya miaka ishirini, akaruhusiwa kurudi mwaka 1923, akafariki Jinja, njiani, kabla ya kuiona Bunyoro.

Huko walikuwa na nani mwingine? Prempeh, mfalme wa Asante, kutoka Ghana ya leo! Yeye aliwasili mwaka 1900 akarudishwa kwao mwaka 1924.

Na wa kwetu yumo. Sayyid Khalid bin Barghash, yule aliyejitangaza sultani wa Zanzibar mwaka 1896 akapigiwa mizinga katika vita visivyofika saa nzima, alikamatwa na Waingereza mwaka 1916. Kabla ya kuruhusiwa kuishi Mombasa, alikofariki mwaka 1927, naye aliionja Shelisheli.

Orodha haijaisha. Saad Zaghloul wa Misri alihamishiwa huko, kisha mwaka 1924 akawa waziri mkuu kwao. Askofu Mkuu Makarios alipelekwa mwaka 1956, kisha akawa rais wa kwanza wa Kupro. Leo watalii wanalipa fedha nyingi kulala katika visiwa ambako wenzao walipelekwa kama adhabu.

Siasa sasa. Uhuru ulipatikana tarehe 29 Juni 1976, rais akiwa James Mancham. Hakumaliza hata mwaka! Juni 1977 alisafiri kwenda mkutano wa Jumuiya ya Madola London, na akiwa huko waziri mkuu wake, France-Albert René, akachukua nchi. René akakaa madarakani hadi 2004.

Hii sasa ni ya sinema. Novemba 1981 mamluki zaidi ya 40, wakiongozwa na Mike Hoare, walitua Mahé wakijidai ni chama cha wanywaji bia wanaowaletea watoto yatima midoli. Chini ya midoli, bunduki! Afisa wa forodha akafungua begi moja, akaiona. Risasi zikalia uwanjani, mamluki wakaiteka ndege ya Air India iliyokuwa imetua, wakakimbilia Durban. Enzi hizo askari wa Tanzania walikuwa Shelisheli kusaidia ulinzi.

Je, wajua kura moja ina uzito gani huko? Desemba 2015, katika duru ya pili ya uchaguzi wa rais, James Michel alimshinda Wavel Ramkalawan kwa kura 193. Mia moja tisini na tatu! Shule yako ya msingi ilikuwa na wanafunzi wengi kuliko hao.

Ramkalawan ni kasisi wa Kianglikana. Aligombea urais mara sita, na mwaka 2020 ndipo akashinda, mpinzani wa kwanza kuichukua Ikulu kwa kura tangu uhuru. Miaka mitano baadaye, Oktoba 2025, wapiga kura wakamwondoa, akaingia Patrick Herminie. Wananchi hawa hawana mchezo.

Kati ya Michel na Ramkalawan alikuwepo Danny Faure. Alizaliwa wapi? Kilembe, Uganda! Na mwaka 2019 aliingia ndani ya nyambizi ndogo, akazama mita 124, akalihutubia taifa moja kwa moja kutoka chini ya bahari, akiiomba dunia iitunze. Hajatokea rais mwingine aliyefanya hivyo kabla yake.

Bendera? Wameshabadilisha mara mbili tangu ile ya uhuru. Hii ya sasa, yenye mistari mitano inayotawanyika kama miale, ni ya mwaka 1996.

Mwaka 2018 Shelisheli ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuuza hatifungani ya buluu, yaani kukopa kwa ajili ya kutunza bahari na uvuvi: dola milioni 15. Kufikia 2020 ilikuwa imeweka asilimia 30 ya bahari yake chini ya hifadhi. Eneo hilo ni kubwa kuliko Ujerumani!

Jodari wa makopo umewahi kula? Huenda alipitia Victoria. Bandari ile ndogo ina kiwanda cha jodari kilicho miongoni mwa vikubwa kabisa duniani.

Kisiwa cha La Digue, baiskeli ndiyo usafiri. Magari ni ya kuhesabu.

Na kabla ya mwaka 1971 hakukuwa na uwanja wa ndege wa kimataifa. Ulitaka kwenda Shelisheli, ulipanda meli Mombasa, ukawaaga ndugu. Uwanja ulijengwa na Uingereza kama fidia, baada ya kuvimega visiwa vya Aldabra, Farquhar na Desroches mwaka 1965. Visiwa vyenyewe vilirudishwa siku ya uhuru, uwanja ukabaki palepale. Biashara nzuri hiyo, au unasemaje?

Wenyeji husema mgeni akila tunda la shelisheli nchini kwao, hana budi kurudi tena. Wewe wa Tanga na Unguja uliyelila tangu utotoni sijui watakuhesabu vipi. Siku ukienda, ukitua tu Mahé, sogeza saa yako mbele kwa saa moja: Dar es Salaam ikiwa saa sita mchana, kule tayari ni saa saba, na watu wamekaa mezani wanakula samaki.