Jumapili Kabla ya Konstantino

Mjadala wa Sabato na Jumapili ukipamba moto, jina la Kaisari Konstantino halikosi kutajwa: eti ndiye aliyewahamisha Wakristo kutoka siku ya saba. Sheria yake ya Machi 321 ipo kweli. Iliwataka mahakimu, wakazi wa mijini na mafundi wapumzike siku ya Jua, yaani Jumapili. Wakulima iliwaruhusu waendelee na kazi, msimu wa kupanda nafaka na mizabibu usije ukawapita. Lakini kuhusu kwenda kusali haisemi neno. Konstantino aliwapa watu mapumziko, ibada aliikuta.

Tena aliikuta imekwisha kukomaa. Mwaka 155 hivi, Yustino Mfiadini, akiwa Roma, alimwandikia Kaisari Antoninus Pius kumweleza yanayofanyika siku ya Jua: Wakristo wa mjini na wa mashamba hukutana, maandiko ya mitume au manabii husomwa kadiri muda unavyoruhusu, msimamizi huhubiri, wote husimama kuomba, kisha hugawiwa mkate, na divai iliyotiwa maji. Wasiofika hupelekewa na mashemasi. Sadaka hukabidhiwa msimamizi kwa ajili ya yatima, wajane, wagonjwa na wafungwa. Sababu zake ni mbili: siku hiyo Mungu alianza kuumba, na siku hiyo Yesu alifufuka. Je, si ibada ya jua hiyo? Yustino alitumia jina la siku alilolijua kaisari, kama Mkristo wa Mombasa asemavyo Jumapili, jina linalohesabiwa kutoka Ijumaa ya Waislamu, bila kusilimu.

Pingamizi lenye uzito zaidi linahusu Matendo 20, kule Troa, waumini walipokutana siku ya kwanza ya juma na kijana Eutiko aliposinzia dirishani usiku, taa zikiwaka, akaanguka kutoka ghorofa ya tatu. Kwa Wayahudi siku huanza jua linapotua, hivyo usiku ule huenda ulikuwa wetu wa Jumamosi. Wala mkutano mmoja hautungi kanuni. Nakubali. Ndiyo maana naegemea kwa Yustino. Isitoshe, Jumamosi haikuzimwa mara moja: katika karne ya 5 mwanahistoria Sokrates aliandika kwamba karibu makanisa yote, isipokuwa ya Roma na Alexandria, yaliadhimisha ibada siku ya Sabato pia. Kama amri ya 321 ndiyo iliyoihamisha ibada, Jumamosi hiyo ilitoka wapi? Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia linaziheshimu siku zote mbili hadi leo.