Bunduki Ndogo Kando ya Ziwa Kubwa

Watu wa Sindo hawahitaji kuelezwa kutu ni nini. Wanaiona kwenye mabati ya vibanda vya sokoni, kwenye misumari iliyoshikilia mbao za mitumbwi, kwenye kufuli ya duka inayokataa ufunguo baada ya msimu mmoja wa mvua. Mji huu mdogo wa Suba Kusini, Kaunti ya Homa Bay, umekaa ukingoni mwa Ziwa Victoria, mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, na huja na mvuke. Maji haya hayana chumvi kama ya Lamu au Mombasa, kwa hiyo chuma hakiliwi kwa kasi ya pwani. Lakini kinaliwa. Hewa ikishapita unyevu wa takriban asilimia 60, chuma kitupu huanza kushika kutu, na asubuhi nyingi za ziwani hupita hapo.

Sasa iweke bunduki ndani ya hewa hiyo, uifungie miezi sita bila kuigusa.

Wengi hudhani kinachoichosha bunduki ni kufyatuliwa. Kwa bunduki ndogo ya .22 inayojipakia yenyewe, mambo yako upande mwingine. Mtutu wake hustahimili maelfu kwa maelfu ya risasi, ilhali jasho la kidole kimoja lililoachwa juu ya chuma laweza kuacha doa la kutu kwa muda wa siku chache tu. Kinachoimaliza huku ni kukaa. Na kukaa huko huko ndiko kunakoitia nyumba hatarini, kwa kuwa silaha iliyosahauliwa haijulikani tena kama ina risasi ndani, wala ni nani mwenye ufunguo.

Katika eneo hili mtu aliyebeba bunduki hadharani kwa kawaida ni polisi, au ni askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Nyuma ya vilima vya Gwasi, katika bonde la Lambwe, iko Hifadhi ya Taifa ya Ruma, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 120, na humo ndimo walimobaki korongo wa mwisho wa Kenya, wale swala wakubwa wenye nyuso za weusi na weupe. Hesabu ya wanyamapori ya mwaka 2021 iliwakuta 15 tu. Walinzi wao hubeba silaha nzito kuliko .22, lakini hewa wanayopumua na silaha zao ni ile ile, na kanuni za kuzitunza hazitofautiani sana.

Raia mwenye kibali ni jambo la nadra zaidi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na tangu hapo bunduki ya .22, ambayo zamani ilikuwa ya kumpiga kanga na sungura, imebaki kwa walenga shabaha na wachache wengine walioishawishi Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha kwamba wana sababu ya kuimiliki. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haina mzaha: bila cheti, hata bunduki ya upepo ni kosa, na atakayekutwa bila idhini na silaha za aina ya AK-47 au G3 anaweza kufungwa maisha.

Udogo wa .22 umewadanganya wengi. Risasi yake, ambayo muundo wake ulitoka Marekani mwaka 1887, ina uzito wa gramu 2.6 hivi, nyepesi kuliko sarafu ya shilingi moja. Nguvu yake ni kama sehemu moja kwa kumi tu ya ile ya risasi ya kijeshi ya milimita 5.56, ingawa vipenyo vyao vinakaribiana sana. Hata hivyo huweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu. Kwa mtu wa Sindo umbali huo una maana ya pekee. Anayeelekeza mtutu ziwani akidhani huko hakuna mtu amekosea mara mbili: ziwa lina mitumbwi mchana na taa za wavuvi wa omena usiku, tena risasi ya pembe ndogo ikigonga maji haizami bali hudunda na kuendelea na safari. Mahali salama pa kuelekeza mtutu wakati wa kusafisha ni ardhini, na bora zaidi ni kwenye ndoo au gunia lililojaa mchanga.

Hapo ndipo usafi unapoanza, kabla ya mafuta na kitambaa. Magazeti yetu yamezoea kuandika kwamba bunduki ilifyatuka ikisafishwa. Bunduki tupu haifyatuki. Katika silaha inayojipakia yenyewe kosa huwa moja, na hurudiwa na watu wenye uzoefu: mtu huvuta bolti nyuma, risasi iliyokuwa kwenye chemba inaruka nje, anaridhika, kisha anakumbuka kutoa magazini. Amechelewa. Bolti iliporudi mbele ilichota risasi nyingine kutoka magazini na kuiingiza kwenye chemba. Magazini lazima itoke kwanza. Ndipo bolti ivutwe na kuzuiliwa nyuma, macho yaangalie ndani ya chemba, kidole kipapase panapokuwa na giza, na macho yarudi kuangalia tena. Risasi zote ziondolewe chumbani, ziwekwe chumba kingine, kabla kopo la mafuta halijafunguliwa. Anayeona utaratibu huu ni mrefu na auone hivyo, lakini asiuruke.

Uchafu wa .22 una tabia yake. Katika bunduki nyingi za aina hii hakuna kitasa kinachoifunga bolti kwa nguvu wakati wa mlipuko. Uzito wa bolti yenyewe na springi yake ndivyo vinavyoizuia, kisha gesi inalisukuma ganda nyuma na bolti inakwenda nalo. Ruger 10/22, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1964 na kuenea dunia nzima, hufanya kazi hivyo. Gesi hiyo humwagika ndani ya mashine ikiwa na masizi, nta iliyopakwa risasi, na vumbi laini la madini ya risasi. Matokeo yake ni utando mweusi wenye kunata usoni mwa bolti, chini ya kucha inayong'oa maganda, na ukingoni mwa chemba. Bunduki ikianza kukwama, mara nyingi sababu iko hapo. Mswaki mkuukuu, kitambaa cha pamba na matone machache ya kiyeyushi humaliza kazi.

Mtutu wenyewe hautaki bidii nyingi, na hapa wapenda usafi huumia kusikia: mitutu ya .22 iliyoharibiwa na fimbo za kusafishia ni mingi kuliko iliyoharibiwa na risasi. Fimbo ya vipande vya chuma, ikisukumwa kutoka mdomoni kwa sababu nyuma ya mashine pamefungwa, husugua ukingo ule ambao risasi huuaga mwisho. Ukingo ukilika upande mmoja tu, shabaha imepotea, na hakuna mafuta yatakayoirudisha. Afadhali kamba ya kuvuta, yenye uzito mdogo upande mmoja na kitambaa upande mwingine, ipitishwe kutoka kwenye chemba itokee mdomoni mara mbili au tatu, ikifuatwa na kitambaa kikavu, kisha chenye mafuta kidogo.

Kamba hiyo si ngeni kwa familia za Nyanza. Wazee waliotumikia jeshi la King's African Rifles walifunzwa kuitumia kila siku. Bunduki yao ya .303 Lee-Enfield ilikuwa na shimo ndani ya kitako, lenye kifuniko cha shaba, na humo mlikaa kamba na kichupa cha mafuta. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipopigana kuteremka bonde la Kabaw nchini Burma, kati ya Agosti na Desemba 1944, ilikuwa ndani ya mvua za masika za Asia, na kutu ilikuwa adui wa pili. Tena fataki za risasi za enzi hiyo ziliacha ndani ya mtutu chumvi inayovuta unyevu wa hewani, na mafuta peke yake hayawezi kuyeyusha chumvi. Dawa ilikuwa maji ya moto: yalimiminwa mtutuni, chumvi ikayeyuka, chuma chenye joto kikajikausha, ndipo mafuta yakafuata. Risasi za .22 za leo hazina chumvi hiyo, kwa hiyo maji hayana kazi tena. Lakini ule mpangilio wa askari wale, kukausha kwanza na kupaka mafuta baadaye, haujapitwa na wakati. Mafuta yakipakwa juu ya unyevu huufungia ndani.

Mafuta gani, basi? Yale ya bunduki, au mafuta mepesi ya mashine, na yawe kidogo. Mafuta ya kupikia hugeuka gundi baada ya muda. WD-40, ambayo haikosi katika duka la vifaa, ni nzuri kwa kufukuza maji kwenye silaha iliyonyeshewa, lakini haikai miezi. Baada yake lazima mafuta halisi yafuate. Mafuta mengi nayo hukusanya vumbi jekundu la barabara ya murram na kufanya tope la kusagia chuma. Magazini ibaki kavu. Risasi pia zisiguswe na mafuta, kwa maana yakipenya huweza kuua fataki, na risasi iliyokataa kulipuka ni hatari yenye subira: mtutu hubaki ukielekea mahali salama kwa nusu dakika nzima kabla bolti haijaguswa.

Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, na matambara yasiachwe watoto wanapocheza. Ule weusi una madini ya risasi, sumu ile ile iliyowaangamiza watu wa Owino Uhuru kule Mombasa kutokana na kiwanda cha kuyeyusha betri, hadi mahakama mwaka 2020 ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Kiasi kinachobaki kwenye kitambaa ni kidogo mno kulinganisha na cha kiwanda. Kwa mtoto mdogo, hata hivyo, hakuna kiwango cha madini haya kinachojulikana kuwa salama.

Baada ya hapo bunduki huhifadhiwa, na kosa la kwanza la wengi ni kuirudisha kwenye mfuko wake wa turubai au ngozi. Mfuko huo ni wa safari. Sponji na ngozi hunyonya unyevu na kuushikilia juu ya chuma. Ndani ya kasiki ya chuma bunduki isimame bila nguo, isiguse ukuta, na ikiwezekana mdomo wake uelekee chini ili mafuta yasiteremke na kulainisha mbao za kitako. Vifuko vya vijipunje vya silika, vile vinavyopatikana ndani ya maboksi ya viatu, hunyonya mvuke. Vikishiba, vile vya punje tupu hukaushwa katika joto la nyuzi 120 hivi na kurudi kazini. Kila mwezi kasiki ifunguliwe, chuma kifutwe kwa kitambaa chenye mafuta, mtutu uangaliwe hadi mwanga uonekane upande wa pili. Nyigu wa udongo hujenga popote penye tundu, na wadudu wa ziwani wanaokuja kama mawingu huingia popote. Risasi ikikutana na kizibo ndani ya mtutu, kinachopasuka ni mtutu, karibu na uso wa mfyatuaji.

Sheria inamtaka kila mwenye silaha aiweke mahali pa usalama wakati wote, na achukue kila tahadhari isipotee, isiibwe, wala isimfikie mtu asiye na haki nayo. Kwenye boma la Kijaluo sharti hilo ni zito kuliko linavyosomeka. Boma si nyumba moja. Kuna nyumba ya mama, kuna simba, yaani vibanda vya vijana, karibu na lango, kuna wajukuu wanaolala popote usingizi unapowakuta, na kukiwa na matanga watu wa mbali huja kwa siku kadhaa na vyumba vyote hufunguliwa. Chini ya godoro si mahali. Juu ya kabati si mahali. Kasiki iliyofungwa kwa boliti ukutani au sakafuni, risasi zikiwa na kufuli yake nyingine, na funguo mbili zisizokaa pamoja: hicho ndicho kiwango cha chini ambacho mwenye bunduki anadaiwa na majirani zake, kwa sababu wao ndio watakaopigwa na kosa lake. Juni 2021 Rais Uhuru Kenyatta aliwasha moto wa kuteketeza silaha haramu zaidi ya 5,000 huko Ngong. Silaha haramu hutoka njia nyingi, na mojawapo ni mlango wa nyumba ya mwenye kibali ambaye hakufunga vizuri.

Limebaki jambo ambalo familia nyingi hazilizungumzi mpaka siku imefika. Cheti cha silaha ni cha mtu, si cha boma. Mwenyewe akifariki, mjane hakirithi, wala mwana wa kwanza, hata kama amekuwa akiisafisha bunduki hiyo na baba yake kwa miaka. Inapaswa kufikishwa polisi pamoja na risasi na cheti, na atakayetaka kuimiliki aanze maombi yake upya mbele ya Bodi. Kwa hiyo mtu mzima mmoja katika familia anapaswa kujua mapema kwamba silaha ipo, ufunguo uko kwa nani, na kituo cha kwenda ni kipi. Na ikiwa hakuna mwenye ujuzi wa kuitoa risasi, isiguswe kabisa: kasiki ibaki imefungwa, na polisi waitwe waje kuichukua hapo hapo nyumbani.