Imla Ianzie Sikioni

Katika daftari la mpwa wangu wa darasa la pili kuna ukurasa wenye maneno kumi ya imla. Sita yamepigwa kosa kwa wino mwekundu, na chini pameandikwa 4/10. Basi. Nilipoyasoma makosa yale, niliona ni ndugu: "gombe", "dizi", "buzi", "jia", "goma", "sidano". Mtoto huyu hakuandika ovyo. Ameandika kila sauti aliyoisikia, akaacha ile inayopitia puani.

Jioni nilimketisha barazani nikamwambia abane pua kwa vidole viwili, kisha aseme ng'ombe. Sauti ikakwama. "Haya, sema gari." Ikatoka bila taabu. Akajaribu ndizi, akajaribu mbuzi, kila mara akiachia pua na kuibana tena. "Kumbe kuna kitu kinalia humu ndani, Mjomba!" Akachukua penseli. Safari hii n ya ndizi ilikuwepo, tena imekolezwa mpaka karatasi ikataka kutoboka.

Shuleni imla imegeuzwa mtihani. Mwalimu anasoma, watoto wanaandika, madaftari yanakusanywa. Mwenye watoto tisini darasani simlaumu. Kusahihisha peke yake kunammaliza. Lakini imla ndiyo nafasi ya kuona mtoto anasikia nini, na alama nyekundu peke yake inalifunga dirisha hilo.

Kiswahili kimetupa bahati ambayo lugha nyingi hazina. Irabu ni tano, na kila moja hutamkwa vilevile popote ilipo. Anayeisikia sauti vizuri ana uwezo wa kuliandika hata neno ambalo hajawahi kuliona. Ndiyo maana sauti ya herufi hutangulia jina lake. Mtoto aliyekaririshwa kwamba b ni "be" hutatizika anapotaka kuiunganisha na a apate "ba". Mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, ulioanza Tanzania mwaka 2015 kwa darasa la kwanza na la pili, uliweka mkazo kwenye stadi hizi za mwanzo, sauti za herufi zikiwemo. Imla ingepaswa kuufuata mkondo huohuo.

Maneno matano kwa siku yanatosha, yote yakibeba sauti inayofundishwa wiki hiyo. Mwalimu alitaje neno, aliweke ndani ya sentensi fupi, kisha darasa zima lilitamke na kulipigia makofi kabla penseli haijagusa karatasi. Makofi yana kazi kubwa. Mtoto ni makofi matatu, m-to-to, kwa sababu m hiyo inasimama peke yake. Mbuzi ni mawili tu, mbu-zi. M yake imeshikana na b. Mtoto akishalihisi hilo mikononi, hahitaji kuelezwa silabi ni nini.

Fua na vua huwachanganya wengi. Waweke kiganja kooni: kwenye v koo linatetemeka, kwenye f limetulia. Kura na kula, mahali na mahari, ni ngumu zaidi kwa mtoto ambaye lugha ya nyumbani kwao haitenganishi l na r. Huyo asichekwe, wala asiitwe mzito. Ayasikie maneno hayo yakiwa pamoja mara nyingi, achague picha ya lile lililotajwa, na kuandika kuje baadaye. Nimeona watu wazima wanaoogopa kuandika barua kwa sababu ya kicheko kimoja cha darasa la kwanza.

Kusahihisha nako kufanywe na mtoto mwenyewe. Mwalimu aandike neno ubaoni, kila mmoja aweke kidole kwenye herufi zake, moja baada ya nyingine, mpaka aione iliyokosekana.

Sasa mpwa wangu hudai zamu yake ya kunisomea. Juzi alinitajia nyanya, nami kwa makusudi nikaandika "nanya". Aliutazama ule mstari kwa muda mrefu, midomo ikicheza bila sauti. Kisha akanirudishia penseli.

"Litamke kwanza, Mjomba. Polepole."