Malazi ya Mkandarasi Mbali na Nyumbani: Kodi ya Uingereza Inatambua Gharama Ipi?

Mtu anayeishi Leicester akapata mkataba wa miezi kadhaa Aberdeen hana budi kulipia mahali pa kulala huko aendako, huku akiendelea kulipia nyumba aliyoiacha, na kwa kuwa gharama hiyo ya malazi imeletwa na kazi, ni haki kuuliza iwapo inaweza kuondolewa katika mapato kabla ya kodi kukokotolewa. Sheria ya kodi ya Uingereza huitambua gharama hiyo, lakini kwa masharti ambayo wakandarasi wengi hawayafahamu mpaka siku wanapoulizwa na mkaguzi. Wapo wanaodai kila usiku waliolala nje, wakaja kutozwa kodi ya nyuma pamoja na riba na adhabu. Na wapo waaminifu wanaoacha kudai kilicho chao kwa sababu ya hofu. Makosa hayo mawili yana chanzo kimoja, nacho ni kudhani kwamba jambo linaloamuliwa ni umbali. Kinachoamuliwa hasa ni sababu ya mtu kulala mbali na kwake: je, kazi ndiyo iliyompeleka huko kwa muda, au ni yeye aliyechagua kuishi mahali pamoja na kufanyia kazi mahali pengine?

Mkandarasi katika makala haya ni mtu anayeuza ujuzi wake kwa mkataba, awe fundi ujenzi, mhandisi, mtaalamu wa kompyuta au daktari, bila kuajiriwa moja kwa moja na mteja anayemhudumia. Nchini Uingereza watu wa namna hii hufanya kazi kwa njia tatu kuu. Wa kwanza ni yule aliyefungua kampuni yake mwenyewe, ambaye kisheria ni nafsi tofauti na kampuni hiyo, kwa hiyo huwa mkurugenzi wake na mwajiriwa wake kwa wakati mmoja. Wa pili ni yule aliyejiajiri bila kampuni, ambaye faida ya biashara ndiyo mapato yake. Wa tatu ni yule aliyeajiriwa na kampuni mwavuli, yaani kampuni inayopokea malipo kutoka kwa wakala au mteja, ikakata kodi na bima ya taifa, kisha ikamlipa mfanyakazi mshahara. Tofauti hizi haziwezi kupuuzwa, kwa kuwa malazi yaleyale, katika hoteli ileile, yanaweza kukubaliwa kwa mmoja na kukataliwa kwa mwingine.

Kwa mwenye kampuni, msingi wa jambo hili umo katika Sheria ya Kodi ya Mapato (Ajira na Pensheni) ya 2003, ambayo inatenganisha kituo cha kazi cha kudumu na kituo cha kazi cha muda. Kituo cha kudumu ni mahali ambapo mtu huhudhuria mara kwa mara kutekeleza majukumu yake, na gharama za kwenda huko kutoka nyumbani, pamoja na za kulala karibu nako, huhesabiwa kuwa za maisha yake binafsi hata kama nyumba yake iko mbali sana. Kituo cha muda ni mahali anapokwenda kukamilisha kazi yenye kikomo au kutimiza jambo lingine la muda mfupi, na hapo nauli, malazi na chakula kinachoambatana na safari huweza kulipwa na kampuni bila kutozwa kodi mikononi mwa mfanyakazi. Mzizi wa mgawanyo huu ni wa kale. Katika miaka ya 1920, katika shauri la Ricketts dhidi ya Colquhoun, Baraza la Malodi, ambalo wakati huo lilikuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, lilimnyima nafuu wakili aliyeishi London na kushika wadhifa wa kimahakama Portsmouth, kwa hoja kwamba nauli na hoteli yake vilitokana na uamuzi wake wa kuishi London, kwani majukumu ya wadhifa huo yalianza alipofika Portsmouth.

Swali linalofuata ni muda gani unaotosha kukigeuza kituo cha muda kuwa cha kudumu, na jibu lake limo katika kifungu cha 339 cha sheria hiyo, kinachoweka kikomo cha miezi 24. Mtu akifanya kazi mahali pamoja kwa kipindi kinachozidi miezi hiyo, au kinachotarajiwa kuizidi, na akatekeleza hapo sehemu kubwa ya majukumu yake, mahali hapo si pa muda tena. Mamlaka ya mapato ya Uingereza, inayofahamika kwa kifupi kama HMRC, huichukulia asilimia 40 au zaidi ya muda wa kazi kuwa sehemu kubwa, hivyo siku mbili katika wiki ya siku tano zinatosha kuingiza mahali katika hesabu, ilhali siku moja haitoshi.

Jambo linalowapotosha wengi ni kwamba kipimo hiki hutazama matarajio, wala hakisubiri miezi 24 itimie. Tuseme mhandisi wa Leicester amesaini mkataba wa miezi 18 Aberdeen, akawa anadai malazi yake kwa haki, kisha katika mwezi wa 14 akakubali nyongeza ya miezi 12. Tangu siku alipojua kwamba kazi itafika miezi 30, haki ya kudai imekoma, ingawa madai ya miezi iliyotangulia hubaki salama kwa kuwa yalifanywa kwa matarajio ya kweli ya wakati huo. Wala kubadilisha mteja si dawa, maana akihamia jengo jingine katika mtaa uleule, safari na gharama zake zisibadilike kwa kiasi cha maana, sheria huhesabu kwamba bado yuko palepale. Zaidi ya hayo, hata mkataba mfupi unaweza kunyimwa nafuu ikiwa unachukua kipindi chote au karibu chote ambacho ajira yenyewe inatarajiwa kudumu. Kwa hiyo mtu anayefungua kampuni kwa ajili ya mkataba mmoja tu, akikusudia kuifunga baada yake, huwa amejiwekea kituo cha kudumu tangu siku ya kwanza.

Yote haya hutegemea kwanza hali ya mkataba wenyewe mbele ya kanuni zinazojulikana kama IR35, zilizoanza kutumika Aprili 2000. Kanuni hizo huuliza kama mkandarasi angekuwa mwajiriwa wa mteja lau kampuni yake isingekuwa katikati, na jibu likiwa ndiyo, malipo yake hutozwa kodi kama mshahara. Mteja akiwa taasisi ya umma, tangu Aprili 2017 uamuzi huo huwa ni wake, na tangu Aprili 2021 wajibu huo ukawafikia pia wateja wa kati na wakubwa wa sekta binafsi. Kuhusu malazi, mabadiliko makubwa yalikuja Aprili 2016, pale kila kazi inayofanywa chini ya IR35 ilipoanza kuhesabiwa kuwa ajira ya peke yake, na kwa hiyo mahali pa mteja kuwa kituo cha kudumu. Kanuni hiyohiyo humgusa mfanyakazi wa kampuni mwavuli, isipokuwa ithibitike kwamba hakuna mtu anayemsimamia, kumwelekeza au kumdhibiti, wala mwenye haki ya kufanya hivyo, katika namna ya kutekeleza kazi. Kwa sababu hiyo, mfanyakazi anayeahidiwa kwamba kampuni mwavuli itamrudishia hoteli zote bila kodi anapaswa kuitilia shaka ahadi hiyo, kwani deni la kodi likija kudaiwa, linaweza kumfikia yeye mwenyewe.

Aliyejiajiri bila kampuni hafuati kikomo cha miezi 24, bali hupimwa kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2005 inayohusu biashara, ambayo katika kifungu cha 34 huruhusu tu gharama iliyotumika yote, tena kwa ajili ya biashara pekee. Katika shauri la Horton dhidi ya Young la 1971, fundi matofali aliyehama kutoka eneo moja la ujenzi hadi jingine alikubaliwa gharama zake za safari, kwa kuwa hakuwa na kituo kingine cha biashara isipokuwa nyumbani kwake. Kinyume chake, katika shauri la Samadian la 2014, daktari aliyekuwa na ratiba ya kudumu ya kuona wagonjwa wake binafsi katika hospitali alikataliwa gharama za safari kutoka nyumbani kwenda huko, ingawa nyumbani alikuwa na ofisi. Kuhusu malazi yenyewe, shauri lenye mafunzo zaidi ni la mwigizaji Tim Healy, mkazi wa Cheshire, aliyepanga nyumba London alipokuwa akiigiza katika tamthilia ya muziki ya Billy Elliot. Mwaka 2012 alishinda mbele ya mahakama ya mwanzo ya kodi, rufaa ikarudisha shauri lisikilizwe upya, na mwaka 2015 akashindwa, kwa sababu alikuwa amepanga nyumba ya vyumba vitatu akikusudia pia kupokea wageni wake. Kusudi hilo la pili, hata likiwa la heshima kiasi gani, lilitosha kuivunja sifa ya gharama hiyo kuwa ya biashara pekee.

Funzo la shauri hilo linamhusu kila anayechagua mahali pa kulala. Hoteli ya usiku wa kazi haizui maswali mengi. Nyumba ya kupanga pia inaweza kukubaliwa, hasa pango lake likiwa nafuu kuliko hoteli, lakini ukubwa wake ulingane na mtu mmoja aliyekuja kazini, na ni vyema mkataba wa pango uandikwe kwa jina la kampuni pale kampuni inapohusika. Familia ikihamia humo, au mkandarasi akiiacha nyumba yake ya awali na kufanya mji wa kazi kuwa makazi yake, hoja ya kuwa mbali na nyumbani hukosa mguu wa kusimamia.

Kuhusu viwango, HMRC haijaweka kiasi maalumu cha malazi ya ndani ya Uingereza, hivyo hudaiwa gharama halisi yenye stakabadhi. Kwa chakula cha safari, mwajiri anaweza kutumia viwango vilivyowekwa vya pauni 5 kwa safari ya saa 5 au zaidi, pauni 10 kwa saa 10, na pauni 25 kwa saa 15 inayoendelea hadi saa 2 usiku, almradi mfanyakazi amenunua chakula kweli. Yapo pia matumizi madogo ya binafsi, kama kufuliwa nguo au kupiga simu nyumbani, ambayo kampuni inaweza kuyalipia hadi pauni 5 kwa kila usiku ndani ya nchi na pauni 10 nje ya nchi. Ankara, mikataba na kumbukumbu za tarehe hutunzwa kwa miaka 6 kwa kampuni, na kwa aliyejiajiri kwa miaka 5 baada ya tarehe 31 Januari, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani ya mwaka husika.

Inafaa kukumbuka kwamba kudai gharama si kurudishiwa fedha yote na serikali. Kampuni yenye faida isiyozidi pauni 50,000, ambayo hutozwa kodi ya asilimia 19, ikilipia usiku nne kwa pauni 80 kila mmoja, itatumia pauni 320 na kuokoa kodi ya pauni 60.80 tu; nafuu nyingine ni kwamba mkandarasi hakulazimika kuitoa fedha hiyo katika mshahara uliokwisha kukatwa kodi. Hoteli ghali isiyo ya lazima, basi, humpunguzia mkandarasi mali yake hata inapokubalika kisheria.

Sharti la gharama kutumika yote na kwa ajili ya kupata mapato pekee limo pia katika sheria za kodi za Kenya na Tanzania, nchi ambazo sheria zake zilikua kutokana na mapokeo ya Kiingereza, hivyo msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam atakutana na swali lilelile, ingawa viwango na taratibu za huko ni nyingine. Popote alipo, mkandarasi hujilinda zaidi akiuliza kabla ya kusaini mkataba: kazi inatarajiwa kuchukua muda gani, ni siku ngapi kwa wiki atakuwa katika eneo la mteja, mkataba uko upande gani wa kanuni za ajira, na kama haki ya kudai haipo, je, malipo anayopewa yanatosha kubeba pango la pili? Mwenye majibu hayo mapema anaweza kujadiliana malipo akijua anachokihitaji, akadai kilicho halali yake bila woga, na kuacha kisichokuwa chake kabla hakijawa deni.