Rangi Haipungui Pamoja na Gari

Mtu ashukaye barabara kuu itokayo Kisii kupitia Migori, akafika Isebania asubuhi na mapema kabla ya msongamano wa malori yangojayo kuvuka kwenda Sirari, aghalabu huisikia kompresa kabla hajaiona. Na akiifuata sauti hiyo hadi nyuma ya maduka atawakuta mafundi wa sprei wa juakali wameshughulika na kazi ambayo machoni pa mpita njia haifanani hata kidogo na upakaji wa rangi. Mmoja anachana magazeti ya juzi, wa pili anabandika tepu ya karatasi kuzunguka vioo na taa, na wa tatu amelala chali chini ya bampa akifunika mahali ambapo hapana mtu atakayepatazama. Asubuhi nzima hupita katika kufunika, na rangi yenyewe ikianza kupulizwa humalizika kwa muda usiotosha kunywea kikombe cha chai. Fundi niliyekuwa nikienda kuketi kwake, kila nilipomwuliza habari za rangi, alinijibu habari za gazeti. Nami nilidhani ananificha siri ya kazi, kumbe alikuwa akinipa siri yote.

Mimi si fundi wa magari. Saa zangu za faragha huzitumia kuunda vigari vidogo, matatu na malori kama yale yapitayo mbele ya mlango wangu, na chombo changu ni brashi ya hewa, yaani bomba dogo lishikwalo kama kalamu, lenye tundu la milimita 0.2 au 0.3, ambalo hewa ikipita ndani yake huivuta rangi iliyozimuliwa ikaitoa kama ukungu. Mintarafu ya chombo hiki watu wengi wana dhana moja, kwamba ustadi wake umo katika kidole kibonyezacho. Kidole kina sehemu yake, sikatai. Lakini brashi ya hewa haina ukingo. Ukungu wake hufifia pande zote, na mstari wowote ulionyooka uuonao juu ya kigari kilichopakwa kwa chombo hiki haukuchorwa na brashi, bali ulikatwa na kile kilichokuwa kimebandikwa kando yake kisha kikaondolewa.

Natuchukue mfano wa matatu ya abiria 14. Kanuni zilizoanza kutumika mwezi wa Februari 2004, ambazo hata leo watu huziita kwa jina la John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, zililitaka kila gari la namna hiyo liwe na mstari wa njano usiokatika, wenye upana wa milimita 150. Gari lenyewe lina urefu wa takriban mita 4.7, na tukiliunda kwa kipimo cha 1 kwa 24 litapata urefu usiotimia sentimita 20, na mstari wake utakuwa wa milimita 6 na robo. Hesabu hiyo ni nyepesi, hata mtoto wa shule ataiweza. Taabu yetu ni kwamba vitu vitatu havikubali asilani kugawanywa kwa 24: tone la rangi, unene wa tepu, na mkono wa binadamu. Rangi ikijilimbikiza kwenye ukingo wa tepu kwa unene wa sehemu ya kumi ya milimita, ubavuni mwa gari la kweli haionekani wala haihisiwi. Lakini ubavuni mwa kigari changu ni sawasawa na kuacha tuta la milimita 2.4 katika gari la kweli, tuta ambalo makanga yeyote angeligusa kwa kiganja akauliza nani aliyefanya kazi hii. Gari limepungua, rangi haikupungua. Taratibu zote za kufunika nitakazozieleza hapa zimezaliwa na hitilafu hiyo moja.

Tepu yenyewe ilizaliwa gereji. Richard Drew, kijana wa kampuni ya 3M ya Marekani aliyekuwa akipeleka misasa kwa wapaka rangi wa magari, aliwakuta wakilia kwa ghadhabu kwa sababu magari ya rangi mbili yalikuwa yamekuwa mtindo, na gundi waliyotumia kubandikia karatasi ilikuwa iking'oa rangi mpya kila ilipobanduliwa. Katika mwaka wa 1925 akatengeneza tepu ya karatasi yenye gundi ya kiasi, ishikayo bila ya kung'ang'ania. Mpaka leo hiyo ndiyo sifa ya tepu njema, ijapokuwa ile iuzwayo kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi ni nene mno na ukingo wake una vinyweleo. Kwa gari hufaa, kwa kigari hudhuru. Waunda vigari hutumia tepu nyembamba zaidi, ya karatasi laini ya namna ya Kijapani, na asiyeipata anaweza kuitengeneza tepu ya dukani kwa njia hii: aibandike juu ya kipande cha kioo, akate ukanda mpya katikati yake kwa wembe mpya na rula ya chuma, na kingo za kiwandani azitupe. Ukingo uliokatwa na wembe hauna vinyweleo. Kabla ya kuuweka juu ya rangi, ukanda huo na ubandikwe mara mbili tatu juu ya kiganja kikavu, gundi yake ipunguze ukali.

Hapo ndipo wengi hudhani kazi imekwisha, wakapuliza, wakabandua, wakaikuta rangi imepenya chini ya tepu na kufanya meno kama ya msumeno. Sababu yake ni dhahiri kwa aliye na lenzi. Uso wa kigari una maungo ya milango, bawaba, na mifereji midogo ya maji, na tepu hata ikikandamizwa kwa ukucha huruka juu ya mifereji hiyo kama daraja. Rangi iliyo majimaji hupita chini ya daraja. Dawa yake nilipofundishwa kwa mara ya kwanza niliiona kama mzaha, nayo ni hii: kabla ya kupuliza rangi mpya, puliza tena ile ya zamani. Ikiwa chini pana nyeupe na juu unataka buluu, bandika tepu, kisha pitisha nyeupe nyepesi juu ya ukingo wake. Kitakachopenya ni nyeupe, nayo itakaa juu ya nyeupe isionekane, na ikikauka itakuwa imeziba kila mwanya. Buluu ikija itaukuta mlango umefungwa. Asiyetaka kuchanganya rangi upya na atumie vanishi isiyo na rangi, maana kazi ni ileile.

Fauka ya hayo, mpulizo usielekezwe katika ukingo wa tepu kana kwamba unataka kuisukuma rangi iingie ndani, bali utoke juu ya tepu kwenda upande ulio wazi, na rangi iwe ya tabaka nyembamba tatu au nne, kila moja ikauke kabla ya inayofuata. Tabaka moja nene huokoa dakika kumi na kupoteza siku nzima.

Kuhusu lipi litangulie, kanuni ya jumla ni rangi hafifu kwanza na nzito baadaye, kwa kuwa njano haina nguvu ya kufunika kilicho chini yake. Kwa hiyo matatu ya buluu hupakwa njano kwanza, juu ya nyeupe, ukanda wa milimita 6 na robo ukabandikwa mahali pa mstari, kisha buluu ikapulizwa mwili mzima. Mstari huwa umelala chini ya tepu muda wote huo. Matatu nyeupe, ambazo ndizo nyingi katika barabara yetu, huenda kinyume: nyeupe hutangulia, kukafunikwa juu na chini, na njano ikaja mwisho katika ujia uliobaki.

Lakini mahali ambapo akili ya kazi hii hudhihirika zaidi ni bendera, nasi tulio mpakani tunazo mbili. Bendera ya Kenya ina nyeusi, nyekundu na kijani, na baina yake mistari miwili myembamba myeupe, kwa uwiano wa 6, 1, 6, 1, 6. Ukiipaka ubavuni mwa lori kwa kimo cha milimita 20, kila mstari mweupe ni milimita moja kamili, na hapana mkono utakaoupiga mstari huo sawasawa kwa brashi ya manyoya. Basi haupigwi kabisa. Mahali pote hupakwa nyeupe, kanda mbili za milimita moja zikabandikwa mahali pa mistari, zikazibwa kwa nyeupe kama nilivyoeleza, na hazitoki hapo mpaka mwisho. Kisha hufunikwa juu na chini, nyekundu ikapulizwa katikati; nyekundu ikikauka hufunikwa nayo, zamu ikawa ya kijani, halafu ya nyeusi. Utamu wa mpango huu ni kwamba kila kifuniko kipya ukingo wake hulala juu ya ule ukanda wa milimita moja, wala haugusi rangi yoyote, hata ukipinda kwa nusu milimita hapaharibiki kitu. Bendera ya Tanzania, ambayo mshazari wake mweusi umepakana na mistari miwili ya njano, hutii mpango uleule, isipokuwa chini huwekwa njano badala ya nyeupe. Ngao na mikuki ya bendera ya Kenya nakiri kuwa huichora kwa mkono, na sijapata kuridhika nayo.

Wachongaji wa Tabaka, huko upande wa Kisii, hulipata pambo kwa njia iliyo kinyume cha hii yetu: sanamu ya jiwe laini hutiwa rangi yote, kisha hukwaruzwa kwa ncha kali mpaka weupe wa jiwe ujitokeze. Wao huondoa rangi na sisi huizuia isifike. Njia yao ni ya kijasiri zaidi, kwa kuwa aliyekwaruza pasipopasa hana pa kurudi.

Neno moja juu ya hewa. Kompresa ya mtia upepo wa magurudumu itafaa, lakini ni lazima ipitie kwenye kipunguza nguvu, kwani brashi yetu inataka baa 1 hadi 1.5 tu, na lazima pawe na chujio la maji, hasa katika masika, maana matone ya maji yakitoka pamoja na rangi hakuna tepu itakayokusaidia.

Linalobaki ni kubandua, na hapa nina taksiri ya kuikiri. Tepu hutolewa siku ileile, rangi ikiwa imeshika lakini haijawa ngumu kama kauri, kwa kuikunja nyuma juu yake yenyewe na kuivuta polepole karibu na uso, wala si kuivuta juu kama anayefungua bahasha. Mimi nilifunika matatu yangu ya kwanza siku ya Alhamisi, nikaitwa msibani Homa Bay, nikarudi Jumatatu; kigari kilikuwa dirishani, na jua la siku nne lilikuwa limeipika gundi. Nilipovuta, ukanda ulitoka na njano ya mahali padogo, na gundi ikabaki imeganda kama utomvu. Nilipafuta, nikapaparuza kwa msasa, nikapaka tena. Kigari hicho bado ninacho, na mstari wake ukipimwa kwa rula ni milimita 6 na robo ubavu mzima, isipokuwa karibu na mlango wa nyuma, ambapo ni 7.